Kubisha Mlango wa Chini Kwanza

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 40, Kutoka 18:13–26, Mathayo 18:15–17, Matendo 16:35–40, 24:22–27, 25:1–12, 26:30–32.

Tuchukue mfungwa mmoja. Ananyimwa dawa zake, au amepigwa, au anapangiwa kazi ya shamba kila Sabato huku wenzake wakiachiwa siku yao ya ibada. Anasema, “Nitakwenda mahakamani.” Sheria inamjibu: bado. Umemwambia mkuu wa gereza? Umengoja jibu lake? Hapakuwa na njia nyingine yoyote ya kutatua jambo hili kabla ya kumsumbua jaji? Rudi ubishe kwanza mlango wa chini.

Swali la juma hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Je, ni haki kumtaka mtu aliyeonewa aanze kwa yule yule aliyemwonea? Na kama ni haki, aendelee kubisha mpaka lini?

Tusidhani ni jambo la wanasheria peke yao. Hapa Mitundu mkulima anaijua kanuni hii bila kuona ndani ya gereza. Akigombania mpaka wa shamba na jirani yake, hawezi kupanda moja kwa moja mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri lipite kwanza baraza la kata, wakae, wapatanishwe. Ikishindikana, baraza lithibitishe kwamba imeshindikana. Lakini zingatieni jambo ambalo wengi hulipita haraka. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata limepewa siku 30. Zikiisha bila upatanishi, mlalamikaji ana ruhusa ya kusonga mbele. Yaani sheria iliyomwagiza abishe, hiyo hiyo imemwambia atasimama mlangoni siku ngapi. Tutairudia hesabu hiyo.

Kwa nini mlango wa chini uwepo

Soma Kutoka 18:13–26. Musa alikuwa akiamua kila shauri mwenyewe, na watu wakasimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Yethro, mkwewe, akaona hilo si jema. Akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Madogo yaishie kwao, makubwa yapande kwa Musa. Mara nyingi tunasoma sura hii kama somo la uongozi, na ndivyo ilivyo. Lakini sababu ya Yethro ina sehemu mbili: Musa asichoke, na watu waende mahali pao kwa amani. Mlango wa chini uliwekwa kwa ajili ya yule aliyesimama juani na shauri lake, ili asimame muda mfupi zaidi.

Tena Yethro hakusema tu, “Wekeni wakuu.” Katika fungu la 21 alitaja watu wa namna gani: wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wa kweli, wenye kuchukia rushwa. Ondoa sifa hizo, ubakize ngazi peke yake, na huo si ushauri wa Yethro tena.

Bwana wetu naye aliweka hatua katika Mathayo 18:15–17: wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi wawili au watatu, ndipo kanisa. Hatua hizo zinamheshimu mkosaji. Zinampa nafasi ya kutengeneza kabla ya kuaibishwa mbele za watu. Mkuu wa gereza naye ni mtu. Huenda hajui kwamba askari wake wa zamu ya usiku anauza dawa za wagonjwa. Akiambiwa leo, kesho dawa zipo. Mahakamani ingechukua miaka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kanuni hii ni mbaya. Mtu anayekwenda kwa jaji bila kumwambia jirani yake neno amemnyima jirani nafasi ya kuwa mwema. Ndiyo sababu kanisa letu linawasihi washiriki wasipelekane mahakamani kabla ya kujaribu kupatana ndani.

Hata hivyo, mtu wa Mathayo 18 yuko huru. Anakwenda kwa ndugu yake kwa miguu yake, na yakimshinda anarudi nyumbani kwake alale. Mfungwa harudi nyumbani. Yule anayemlalamikia ndiye anayeshika ufunguo, ndiye anayegawa chakula, na barua ya malalamiko inapita mkononi mwake. Kuhamisha kanuni kutoka kwa ndugu wawili walio huru kwenda kwa mfungwa na mlinzi wake, kana kwamba hakuna kilichobadilika, ni kusoma Biblia kwa haraka.

Ndani ya ukuta

Hili la barua kupita mkononi mwa mlinzi si la kufikirika. Katika sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai, anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu anapaswa kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 tangu hukumu, na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kungojea nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi, na mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu ya msingi. Mfungwa anaruhusiwa kukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza ili azifikishe mahakamani. Ni ruhusa njema, maana mfungwa hawezi kupanda basi. Lakini sasa siku zake kumi zinategemea bidii ya mtu mwingine, na mara nyingi hana wakili wa kumwambia kwamba zimeanza kuhesabiwa.

Kwa madai ya haki za msingi kuna ngazi nyingine. Sura ya haki iliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984 na ikaanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 30 inamruhusu mtu anayedai haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa afungue shauri Mahakama Kuu. Mwaka 1994 Bunge likatunga Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, na humo likaweka sharti: Mahakama Kuu isitumie mamlaka yake ikiona mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu chini ya sheria nyingine. Mwaka 2020 sharti likakazwa. Mlalamikaji alitakiwa aonyeshe kwamba ameathirika yeye binafsi, na kwamba amemaliza njia zote zilizopo chini ya sheria nyingine. Neno “zote” ni fupi kuandika. Kwa mtu aliye nje lina maana ya nauli na miezi kadhaa. Kwa mfungwa lina maana ya kuomba ruhusa, kila mara, kwa watu wale wale.

Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kutembelea magereza na kupokea malalamiko. Na ulimwenguni zipo Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Humo mfungwa apewe nafasi kila siku ya kutoa ombi au lalamiko kwa mkuu wa gereza. Aweze kusema na mkaguzi pasipo askari kusikiliza. Na likikataliwa au kucheleweshwa isivyostahili, awe na haki ya kulipeleka kwa hakimu au mamlaka nyingine. Angalieni jinsi kucheleweshwa kulivyowekwa sawa na kukataliwa. Ni ile hesabu ya siku 30 ya baraza la kata, imevaa nguo nyingine.

Wafungwa wawili mbele ya mahakama ya Arusha

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakaa Arusha. Nayo ina sharti hilo hilo: mlalamikaji awe amemaliza kwanza njia za ndani ya nchi yake. Mashauri mawili ya Watanzania yanatufaa.

La kwanza ni la Peter Joseph Chacha. Alilalamikia kukamatwa, kuwekwa mahabusu na kuchukuliwa mali zake. Alikuwa amejaribu Mahakama Kuu, lakini maombi yake yaliondolewa kwa dosari za utaratibu. Machi 2014 Mahakama ya Afrika, kwa wingi wa kura, ikakataa kulisikiliza shauri lake: alitakiwa kurudi na kubisha kwa utaratibu ulio sahihi, na hakuwa amezimaliza njia za ndani. Majaji wengine hawakukubaliana na uamuzi huo.

La pili ni la Alex Thomas, aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 30 kwa unyang’anyi wa kutumia silaha. Alikuwa amepanda kutoka mahakama ya wilaya mpaka Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya mwisho nchini. Serikali ikasema bado hajamaliza: angeweza kuomba marejeo ya hukumu, na angeweza kufungua shauri la kikatiba kwa sheria ile ya 1994. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ikakataa hoja hiyo. Njia hizo mbili, ilisema, ni za ziada, na mtu aliyekwisha kufika mahakama ya juu kabisa hapaswi kurudishwa azitafute. Kisha ikaingia ndani ya shauri lenyewe, ikakuta kwamba Thomas hakusikilizwa katika utetezi wake, maana alikuwa mgonjwa kesi ilipoendelea, tena hakupewa wakili kwa kosa zito kama lile.

Wote wawili walibisha milango ya chini. Mmoja alirudishwa kwa sababu hakubisha inavyotakiwa, mwingine akaingia. Wanasheria wataeleza tofauti za mashauri haya, na tofauti zipo kweli. Lakini darasa la Shule ya Sabato lina ruhusa ya kuuliza swali lingine: mtu asiye na wakili akikosea jinsi ya kubisha, kosa hilo lihesabiwe kana kwamba hakubisha kabisa? Ibara ya 107A ya Katiba yetu inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Waliotunga maneno hayo, nadhani, walikuwa wamemwona mtu wa namna hii.

Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufikisha mashauri Arusha moja kwa moja, na kuanzia Novemba 2020 uondoaji huo ukaanza kufanya kazi. Kwa hiyo mfungwa wa leo akiimaliza ngazi yote ya ndani, mlango ule wa juu haubishi yeye mwenyewe. Hilo linaifanya ngazi ya ndani iwe nzito zaidi.

Marekani wana sheria ya mwaka 1996 inayomzuia mfungwa kufungua shauri la haki zake kabla ya kumaliza njia za malalamiko za gereza zilizopo. Katika shauri la Woodford na Ngo, la 2006, mfungwa wa California alilalamika kwamba amezuiwa kushiriki shughuli fulani gerezani, zikiwamo za dini. Alipaswa kuandika lalamiko ndani ya siku 15 za kazi. Aliandika baada ya miezi kama sita. Mahakama Kuu ya huko ikasema aliyechelewa hakumaliza njia. Miaka kumi baadaye, katika shauri la Ross na Blake, mahakama hiyo hiyo ikalitazama neno “zilizopo” kwa makini. Njia haipo, ilisema, kama maofisa hawawezi au hawataki kutoa nafuu yoyote, kama utaratibu ni wa kutatanisha kiasi kwamba mtu wa kawaida hawezi kuufuata, au kama maofisa wanamzuia mfungwa kwa hila, kwa uongo au kwa vitisho. Mlango uliochorwa ukutani si mlango, hata ukipakwa rangi vizuri.

Yusufu na Paulo

Yusufu alifungwa kwa uongo. Hakuwa na mahakama ya kuiendea. Alikuwa na mnyweshaji mmoja aliyekuwa anatoka, akamwomba amtaje kwa Farao (Mwanzo 40:14, 15). Mnyweshaji akasahau, na sura ya 41 inasema ikapita miaka miwili mizima. Nimesikia ikihubiriwa kwamba Yusufu aliongezewa miaka hiyo kwa sababu alimtegemea mwanadamu badala ya Mungu. Maandiko hayasemi hivyo. Hakuna neno la kumkemea Yusufu kwa kuomba haki yake. Aliyetajwa kwa kosa ni aliyesahau, na yeye mwenyewe baadaye alilitaja kosa lake mbele ya Farao.

Paulo anatupa zaidi, maana alikuwa na ngazi na akajua kuitumia. Kule Filipi alipigwa viboko na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa, naye ni raia wa Rumi. Asubuhi wakuu wakatuma watu wamwachie. Akakataa kutoka kwa siri: waje wenyewe watutoe (Matendo 16:37). Hakuwashitaki Rumi. Aliwarudishia kosa lao mlangoni mwao, wakaja, wakawasihi. Huu ndio mlango wa chini ukifanya kazi yake; na huenda kanisa changa la Filipi likapata pumzi kwa sababu hiyo, maana wakuu wa mji sasa walijua wamevunja sheria.

Kaisaria mambo yalikuwa mengine. Soma Matendo 24:22–27. Feliki aliahirisha kesi akimngoja Lisia. Akampa mfungwa nafasi ya kutembelewa na rafiki zake. Akamwita mara kwa mara kuzungumza naye. Kwa nje ilionekana njia inaendelea: kuna jalada, kuna kikao, kuna mazungumzo. Luka anatuambia siri yake katika fungu la 26: alitumaini kupewa fedha. Ikapita miaka miwili, na alipoondoka akamwacha Paulo kifungoni ili awapendeze Wayahudi. Paulo alingoja miaka hiyo yote bila kuruka ngazi.

Ndipo akaja Festo. Naye, akitaka kuwapendeza watu wale wale, akamuuliza kama yuko tayari kwenda Yerusalemu kuhukumiwa huko. Kwa masikio ya mtu asiyejua, hilo ni pendekezo la busara: rudi kwenye baraza la kwenu, watu wanaozijua desturi zenu. Lakini njiani kulikuwa na watu wa kumwua (25:3). Paulo akasema anasimama panapompasa kuhukumiwa, akataka rufani kwa Kaisari. Mpaka wa wajibu wa kungoja uko hapa. Hakuupita kwa hasira, wala kwa kuchoka, ingawa angekuwa na haki ya kuchoka. Aliupita pale ngazi ya chini ilipokuwa imegeuzwa mtego.

Wengine humlaumu kwa sababu ya maneno ya Agripa katika 26:32, kwamba mtu huyu angeweza kuachiliwa kama hangekata rufani. Fikirini nani aliyasema na lini. Aliyasema mtu asiyekuwa mwamuzi wa kesi, baada ya rufani, akizungumza na wakubwa wenzake faraghani. Kwa miaka miwili kabla ya hapo, waliokuwa na uwezo wa kumwachilia hawakumwachilia. Mwenye nafasi ya kutenda haki akiikumbuka mara tu inapomtoka mkononi, ushuhuda wake una uzito gani?

Kutokana na haya naona hivi. Wajibu wa kubisha mlango wa chini ni wajibu wa kweli, lakini una pande mbili. Anayelalamika anadaiwa uvumilivu na ukweli. Aliye ndani ya mlango anadaiwa kuwepo, kusikiliza, kujibu kwa wakati na kutomdhuru aliyebisha. Upande wa pili ukivunjika, wa kwanza haufungi tena dhamiri ya mtu. Na anayepaswa kuthibitisha kwamba mlango ulikuwa wazi ni yule mwenye funguo, kwa kuwa mfungwa hana namna ya kuonyesha kilichotokea kwenye meza asiyoruhusiwa kuiona.

Ipo hoja dhidi yangu, nayo ni nzito. Kila mlalamikaji akijiamulia kwamba mlango wake umefungwa, ngazi nzima itaanguka, na majaji watarudi kukaa kama Musa tangu asubuhi hata jioni. Ndiyo maana napenda siku 30 za baraza la kata kuliko maneno mazuri kuhusu subira. Muda ukiwekwa, hakuna anayejiamulia. Kalenda inaamua.

Limebaki jambo moja linalotugusa sisi tunaokwenda gerezani na nyimbo, sabuni na vitabu. Mfungwa akitueleza shida yake, mara nyingi tunamjibu kwamba subira huvuta heri, tunaomba naye, tunaondoka. Lakini sharti la kumaliza njia zote limewekwa juu yake, halikuwekwa juu yetu. Mnyweshaji hakuwa na ngazi yoyote ya kupanda. Alihitaji kufungua kinywa tu. Kuuliza kwa adabu ofisini kama taarifa ya rufaa imeshapelekwa, kuandika tarehe, kuwatafuta watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, kumpigia ndugu wa mfungwa simu kumweleza kwamba siku 45 zinakwenda: hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka mtu awe wakili, wala linalovunja heshima kwa maofisa, ambao wengi wao hufanya kazi ngumu kwa uaminifu na wangefurahi kukumbushwa.

Maswali ya kujadili

1. Linganisheni Matendo 16:37 na 25:11. Kwa nini Paulo aliridhika na wakuu wa mji kule Filipi, lakini hakuridhika na Festo? Ingekuwaje kama angekata rufani kwa Kaisari tangu siku ya kwanza ya Feliki?

2. Katika kanisa lenu, mshiriki mwenye lalamiko dhidi ya kiongozi anaanzia wapi? Anajibiwa ndani ya siku ngapi? Kama hakuna anayejua jibu, mshiriki huyo akienda kwingine mtasema ameruka ngazi?

3. Ndugu mmoja yuko mahabusu. Mama yake anaogopa kwamba mkimuulizia, atateswa zaidi, naye anawaomba mnyamaze. Kijana mwenyewe, mlipomtembelea, aliwaomba mseme. Mtafanya nini Jumatatu asubuhi?